Siku za Wageni Nilimvua Mke Wangu Barakoa

"Mtunza stoo, kitabu kinaonyesha barakoa ziligawiwa. Hawa akina mama wanasema zilikusanywa siku hiyo hiyo. Wewe unasemaje?"

Mwenyekiti wa baraza la kazi ananiuliza mimi.

Nyuma yangu wamekaa wanawake tisa wanaokohoa. Binti yangu yuko katikati yao, picha ya marehemu mama yake mapajani.

Mimi ndiye shahidi wao. Wa pekee!

Nikakitazama kile kitabu.

"Ziligawiwa, mheshimiwa. Sahihi yangu hiyo hapo."

"Na kukusanywa?"

"Sikumbuki."

Hata vikohozi vilikatika! Binti yangu akainuka, akatoka bila kugeuka.

Ndugu zangu mnaonijua humu mtandaoni kwa kuwachamba wakubwa kila asubuhi, leo kaeni vizuri. Leo zamu yangu.

Kiwanda chetu kilishona jinzi za kwenda ng'ambo. Siku ya ufunguzi alikuja mkubwa mmoja na msafara wake, akakata utepe, akasema dunia imekuwa kijiji kimoja na neema itamfikia kila mtu. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Na sitadanganya, neema ilikuja. Tuliezeka bati. Tukanunua godoro la maana. Binti akasoma mpaka kidato cha nne, na mimi niliyeishia darasa la nne nikawa natembea kifua mbele kama mbunge.

Shida ilikuwa chumba cha mchanga.

Kule ng'ambo wanapenda suruali mpya iliyochakaa. Ndiyo, mmesoma vizuri! Wangeniuliza, ningewapa hii yangu bure. Basi wanawake walishika mabomba, mashine ikapuliza mchanga mkavu kwenye mapaja ya jinzi mpaka rangi ififie. Mchanga kwenye suruali, vumbi kifuani. Mke wangu alifanya kazi hiyo miaka sita.

Barakoa zilikuwepo. Nene, zenye vichujio. Zilikaa stoo, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi.

Zilitoka siku za wageni tu.

Wanunuzi wa ng'ambo walituma wakaguzi. Asubuhi hiyo nagawa barakoa, natia sahihi kitabuni. Wakaguzi wanapita, wanapiga picha, wanafurahi. Gari lao likishatoka getini, meneja wa wafanyakazi ananipungia mkono. Tulimwita Meno Nje, maana alikuwa anacheka hata akikufukuza kazi.

Akipunga tu, napita na kapu. Nakusanya.

Siku moja nikafika kwa mke wangu. Akaishika ya kwake kwa mikono miwili.

"Baba watoto, niachie hii moja."

"Zinahesabiwa! Unataka nifukuzwe?"

"Si useme imepotea?"

"Toa bwana, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Mimi si mke wako?"

Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Hakuivua.

Nikaivua mimi... Nikaitupa kapuni, nikaenda kwa anayefuata.

Mwaka na nusu baadaye nikamzika.

Tangu hapo kazi yangu ikawa kulaumu. Nikamlaumu Meno Nje, nikamlaumu mkubwa wa utepe, nikawalaumu wanunuzi. Mtaani wakanibatiza Redio. Kwa hiyo wenzake marehemu waliougua walipofungua malalamiko ili kiwanda kiwatibu, nani awe shahidi?

"Redio!" wakasema wote.

Siku mbili kabla ya baraza, Meno Nje akaniita ofisini.

"Mzee wangu, binti amemaliza shule, sivyo? Kuna meza hapa nje ya mlango wangu. Ina feni. Mbali kabisa na mchanga."

"Mnataka niseme nini?"

"Ukweli tu! Barakoa hukugawa?"

"Niligawa."

"Basi. Wakiuliza kuhusu kukusanya, umesahau. Kusahau si uongo, mzee."

Jamani, msidhani ni ile meza peke yake. Niliogopa! Ningesema nilikusanya, ningeulizwa kwa nani na nani. Na binti yangu angesikia kwamba mama yake aliniomba, nikamkatalia.

Hivyo nikasahau.

Malalamiko yakatupwa. Binti akaikataa ile meza, akafunga nguo zake, akahamia kwa shoga wa mama yake, mmoja wa wale tisa, ili amuuguze.

Miezi mitatu tu mbele, tukakuta geti lina kufuli. Mashine zote zimepakiwa kwenye makontena! Wamepata nchi nyingine ambako watu wanakubali mshahara mdogo kuliko wetu. Kumbe tulikuwa ghali. Sisi! Neema imehama na mashine zake, vifua imetuachia. Kama kweli dunia ni kijiji, sisi ndio tunaokaa upande wa jalala.

Wiki iliyopita simu ikaita. Meno Nje!

"Mzee wangu, huku tumeanza vizuri sana. Ila mtunza stoo wa huku hajui kabisa mambo ya wageni. Njoo miezi miwili umfundishe. Wewe ndiye fundi!"

Fundi...

Nilikaa chini palepale barabarani, watu wananikwepa. Miaka yote nilijua fundi wa ule uovu ni yeye.

Nikakata simu, nikaenda mpaka kwa shoga wa marehemu. Nilimkuta ameegemea mito mitatu. Binti yangu anamnywesha maji kwa kijiko. Hakuniangalia.

Nikapiga magoti sakafuni.

"Shemeji, barakoa nilizikusanya mimi."

"Unaniambia mimi, shemeji? Si ulinivua mimi mwenyewe!" Akapumzika kwanza, pumzi ilikuwa ya kuvuta kwa kamba. "Mwambie aliyesimama hapa."

Nikamgeukia binti yangu.

"Mama yako aliniomba moja. Moja tu. Nikam..."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama aliniambia hospitali. Akasema, 'Baba yako atakuja kukuambia mwenyewe. Usimuulize, msubiri.'"

Akaweka kijiko chini.

"Siku ya baraza nilivaa gauni jipya, baba. Nilijua ndiyo siku yenyewe."

Ndugu zangu, natamani angenipiga.

Kumbe siri niliyowauza wanawake tisa ili kuilinda haikuwa siri. Mtoto wangu alikuwa ameniwekea nafasi ya kusema, na mimi nikasema sikumbuki!

Wakili wa wale akina mama anasema wale wanunuzi wa ng'ambo bado wanaweza kubanwa wawatibu, ila anataka maelezo yangu kwa maandishi. Ndiyo haya mliyoyasoma. Nimeshayatia sahihi, na safari hii sahihi yangu haikumficha mtu.

Funzo? Wakubwa sijawasamehe, wala sitawasamehe. Waliahidi neema ya kila mtu wakaondoka nayo. Lakini hakuna mkubwa aliyewahi kutia mguu chumba cha mchanga. Hawakuwa na haja. Walikuwa na mimi. Nawe unayewalaumu kama mimi, angalia kwanza mikono yako imewafanyia nini.

Kabla sijaweka humu nilimpa binti asome. Nikamwomba afute pale mama yake aliposema "Mimi si mke wako?"

Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Iache hivyo hivyo, baba. Wasome."