Cheti cha Jackson

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mwaka wa pili wa korona, duka moja la dawa karibu na soko kuu la Moshi lilifurika watu utadhani dawa zinagawiwa bure. Eunike Nkya alijipenyeza mpaka mbele, gauni lake la kitenge cha njano likiwa limekunjamana mgongoni, akanyoosha mkono kuchukua boksi la mwisho la barakoa. Mkono mwingine ukalishika upande wa pili.

"Samahani, dada. Nimeliona mimi kwanza."

"Ungeliita kwa jina basi, likugeukie."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, na macho yenye usingizi mwingi. "Ni za kazini, dada yangu. Napima watu pale maabara ya karibu na mnara wa saa. Bila hizi wananikoholea usoni."

Eunike akamtazama upya. "Maabara ile? Usiniambie wewe ndiye T. Lyimo."

"Theodory. Umenijuaje?"

"Sahihi yako naiona kila siku. Ile yenye mkia mrefu."

Eunike alikuwa mapokezi kwenye loji moja huko Machame. Mwenye loji, Mama Tabitha, alikuwa ameweka sharti lake mwenyewe: awe Mzungu au Mtanzania, mgeni halali pale bila cheti cha maabara cha ndani ya siku tatu. Watu wa Dar waliokuja kupumzika waligomba kwelikweli. Wengine walisema wako kwao, wapimwe kwa lipi? Eunike aliwarudisha mjini na mabegi yao, bila kujali wangapi walimwita ana roho ngumu.

Siku hiyo waligawana lile boksi nusu kwa nusu. Theodory aliandika namba yake ya simu kwenye kifuniko.

Kuhakiki vyeti kwa simu ilikuwa sehemu ya kazi ya Eunike, na kazi hiyo ikageuka kuwa tamu.

"Cheti namba mia nne na kumi na saba ni chenu?"

"Ni chetu, malkia. Na mimi je, hunihakiki?"

"Wewe unachokoa watu pua siku nzima, nikuhakiki nini?"

"Moyo."

"Nenda huko! Nina wageni watatu mbele yangu."

Lakini alikuwa akitabasamu, na wale wageni walimwona. Kufikia Desemba Jumapili zao zote walikuwa pamoja, wakinywa chai Moshi mjini, Theodory akimtania kwa jinsi anavyovuta maneno Kimachame na yeye akimtania kwa Kichagga chake cha Kirua. Theodory alikuwa Mkatoliki, Eunike Mlutheri. Walikubaliana kwamba baada ya mwaka mpya Theodory aje na baba yake mdogo kujitambulisha.

"Baba yako atanikubali?"

"Atakuuliza cheti kwanza," alisema Eunike, wakacheka wote.

Haukuwa utani mtupu. Mzee Filemon, baba yake Eunike, alikuwa na kifua kibovu cha miaka mingi, na Eunike alimpenda kuliko kitu chochote chini ya mlima ule. Kama loji inawalinda wageni wasiojulikana, alijiambia, iweje baba yangu asilindwe? Basi akalileta sharti la loji nyumbani. Anayetoka mbali hapiti getini bila cheti. Mzee alilifurahia, akawa anaketi barazani na barakoa yake, akimdai cheti hata mke wa mchungaji.

Tarehe ishirini na nne, saa tano asubuhi, kaka yake Eunike alipiga simu. Jackson hakuwa amekanyaga nyumbani Krismasi tatu mfululizo. Sasa alikuwa Moshi, na chumba cha loji kilikuwa kimeshawekwa, maana tangu anunue gari, Jackson alikuwa hawezi kuoga maji ya ndoo.

"Dada, nimepimwa sasa hivi. Wanasema majibu kesho mchana, na leo wanafunga saa sita. Nifanyeje?"

"Unaumwa?"

"Mafua tu, ni viyoyozi vya Dar. Mzee amenipigia mara nne. Anasema mbuzi ananisubiri."

Eunike alikata simu, akampigia Theodory.

"Mpenzi, kaka yangu umempima?"

"Nimempima. Majibu kesho."

"Mwandikie leo."

"Eunike, hilo siwezi. Wewe mwenyewe ungemrudisha mtu wa hivyo."

"Huyu si mtu, ni kaka yangu. Baba ana miaka sabini na minane, Theo. Hii inaweza kuwa Krismasi yake ya mwisho. Sijawahi kukuomba kitu. Hivi unanipenda kweli au unanipenda kwenye simu?"

Maneno hayo aliyajutia kabla hajayamaliza, ila hakuyarudisha. "Arudi. Nitamwambia majibu yamewahi kutoka," alisema Theodory. Baada ya nusu saa Jackson alikuwa njiani kupanda Machame, na cheti mkononi chenye mhuri na sahihi ya mkia mrefu.

Mzee Filemon alimpokea barazani. "Cheti?" Akavaa miwani, akakisoma mstari kwa mstari, akaona neno HASI. Hapo akavua barakoa yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Akamkumbatia mwanawe. Mbege, pombe ya ndizi, ikaletwa ndani ya kata, kibuyu cha kunywea. Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza kisha humpa mgeni, na kata huenda ikirudi. Ilienda na kurudi mara nyingi mchana ule, mzee akicheka mpaka akakohoa, na Eunike akisimama mlangoni na sahani ya ndizi, amefurahi.

Krismasi asubuhi simu iliita akiwa migombani.

"Krismasi njema, daktari wangu."

"Eunike." Sauti ya Theodory ilikuwa kavu. "Nimeingia kazini alfajiri nikapima mwenyewe, roho ilikataa kutulia. Jackson anao. Amekaa karibu na mzee?"

Eunike alishika mgomba. "Wamenywea kata moja."

"Waambie sasa hivi. Wote. Mzee apelekwe hospitali mapema, kabla hajaanza kuugua."

"Nitawaambia."

"Sasa hivi, mpenzi."

"Nimesema nitawaambia! Na usinipigie tena. Sauti yako siitaki."

Aliingia ndani na nia ya kusema. Mzee alikuwa anaimba na Jackson anaitikia, mama anakata nyama. Eunike akasema moyoni, kesho. Kesho yake Jackson akarudi Dar na mafua yake yakiwa yamepona. Eunike akasema tena, kesho. Siku ya nne mzee alianza kuhema. Mtungi wa oksijeni ulipatikana, lakini haukusaidia kitu. Alifariki tarehe kumi na moja Januari, wakamzika kihambani, shamba la ukoo, karibu na kahawa yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi Theodory alifika getini. Alikuwa amekonda na shati halikupigwa pasi. Mkononi alishika jani la isale, amelifunga fundo. Jani hilo Mchagga akiletewa na aliyemkosea, hata awe ameumia vipi, halirudishi; lazima asamehe.

"Shikamoo, mama," alisema, akapiga magoti mbele ya mama yake Eunike.

"Marahaba. Wewe ni nani, na umenikosea nini?"

Alieleza yote, hakujitetea. Alisema alimweleza pia mwenye maabara, akaachishwa kazi siku hiyo hiyo, na jibu la kweli likafungiwa kabatini ili mhuri usichafuke. Jambo moja tu alilificha: kwamba aliombwa.

Eunike alisikia yote kutoka mlangoni. Angeweza kunyamaza, na lawama ingebaki ilipo. Alitembea mpaka kwenye ua la masale mpakani, akachuma jani, akalifunga fundo, akaja kupiga magoti karibu na Theodory.

"Mimi ndiye niliyemwomba, mama. Na Krismasi asubuhi nilijua, nikakaa kimya."

Mama alilia bila sauti, muda mrefu. Kisha akayapokea majani yote mawili, akayalaza mapajani.

"Nimeyapokea. Ila sikilizeni. Jackson asijue. Nimeshazika mmoja, siziki wawili."

Jackson, aliyekuwa amekuja kuzika, alikuwa akirudi kutoka zizini, mikono inanuka majani ya ng'ombe. Alipoambiwa mgeni ni nani, alimshika Theodory mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kumbe ndiye wewe, shemeji? Siku ile barakoa ilikuficha uso. Nilitaka sana nikushukuru." Akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ukoo wanasema nimemletea mzee ugonjwa kutoka Dar. Nawaonyesha hiki, wananyamaza. Bila cheti chako, ndugu yangu, ningekuwa kichaa."

Theodory alifungua mdomo. Eunike alimwona mama akitikisa kichwa.

"Pole kwa msiba," alisema Theodory.

Jackson alipoingia ndani, Theodory alimgeukia Eunike. "Nikubalie nikuoe."

"Kila ukinitazama utamwona baba."

"Nitamwona. Lakini mwanamke mwingine yeyote nitamdanganya maisha yangu yote. Ni wewe tu ambaye sitakudanganya."

Hakuna msichana anayeota posa ya namna hiyo. Eunike alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Nimekubali," alisema.

Jackson alitoka na kata ya baba yake, imejaa. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, akamnyooshea Theodory.

"Karibu nyumbani, shemeji."

Theodory alikunywa, akampa Eunike. Eunike naye akanywa, akamrudishia kaka yake kata.