Gunia Chini ya Mihogo

Mwanamize ni mtu wa utaratibu. Karafuu zake alizianika mwenyewe, akazitia guniani, akashona mdomo. Juu yake akaandika kwa kalamu nene jina lake, kijiji chake na namba yake ya simu. Kisha akalificha gunia chini ya mihogo yake, ndani ya gari la Nassor liendalo Wete.

Jasho la msimu mzima lilikuwa humo, na mabati ya nyumba yake pia.

Gari liliposimama Konde kungoja abiria, Mwanamize akaingia dukani kwa Paskalia, mama wa kutoka bara auzaye vitenge dukani na mtandaoni.

"Bi Paskalia, na mie nimeingia mtandaoni," akasema, akimwonyesha simu. "Juzi nilitia picha ya karafuu. Mteja kapatikana, yuko Tanga. Bei yake yaipita ya kituo cha Shirika."

Paskalia akasoma ujumbe. Tabasamu likamfifia.

"Kakulipa?"

"Atalipa mzigo ukifika."

"Anaitwa nani? Duka lake liko wapi?"

"Ni mteja tu, wa mtandaoni."

"Shoga yangu, hata kuku aliyepotea huulizwa wa nani. Na karafuu hapa huuziwa nani?"

"Shirika la Serikali peke yake. Nani asojua? Lakini magendo ni ya mashua, usiku. Mie nauza kwa simu, mchana."

"Simu ni soko tu. Sheria inakufuata mpaka humo. Gunia likikamatwa bandarini, polisi hawatapata tabu kukutafuta. Umeshawaandikia unakokaa. Likipita, huyo atafunga namba yake. Mabati utayaona kwa jirani."

Nje honi ikalia. Gari likaanza kuondoka.

Mwanamize akatoka mbio. Kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Gari lilikuwa limefika kwenye kona. Akaita, akapunga mkono. Abiria mmoja akamwona, akagonga bodi. Nassor akafunga breki.

Mihogo ikasogezwa, gunia likateremshwa.

"Bi Mwanamize," Nassor akasema, "mihogo yako yanukia karafuu tangu kijijini. Nikadhani ni mbegu mpya."

Siku hiyohiyo karafuu zilipimwa kituoni. Akapewa pesa na stakabadhi. Yule mteja alipoulizwa jina lake kamili na mahali lilipo duka lake, simu yake haikupatikana tena.

Jioni Paskalia akamwambia, "Mikeka unasuka vizuri. Uza hiyo. Picha iwe ya mkeka wenyewe, si wa jirani. Andika urefu, upana, bei, nani analipa nauli, na mteja afanye nini akitaka kuurudisha. Ukiambiwa pesa imetumwa, tazama salio lako kwanza, usiamini ujumbe tu. Na uende baraza la mji ukaulize habari za leseni."

"Kazi nyingi, yakhe."

"Kidogo kuliko kukimbiza gari na kiatu kimoja."

Miezi mitatu baadaye nyumba ilikuwa na mabati mapya. Mwanamize akapeleka garini mkeka wa mteja wa Dodoma, ulioviringishwa vizuri, jina lake mwenyewe limeandikwa juu kwa kalamu ileile.

"Huu niuweke chini ya mihogo?" Nassor akauliza.

"Uweke juu," akasema Mwanamize. "Jina lionekane."