Majina Kumi na Tisa

Kila siku akitoka shule, binti alivua sare, akaifua kwenye karai, akaianika. Kisha alikwenda kwenye chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Humo ndimo bendi ya kaka yake ilimofanyia mazoezi ya muziki wa roki. Fundi hakuwatoza kitu. Alisema kelele zao zinamzuia kusinzia juu ya cherehani.

Kaka alipiga gitaa, na wenzake walimwita Nyuzi. Binti, mwenye miaka kumi na miwili, walimbatiza Karani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Bendi haikuwa na kampuni ya kuisimamia; mashabiki ndio waliochanga ili albamu irekodiwe. Kila aliyechanga aliahidiwa jina lake litachapwa ndani ya kava. Walikuwa watu mia moja na kumi na wawili, na majina yao yote yalikaa kwenye daftari moja lililotunzwa na Karani.

"Daftari hili halitoki humu chumbani," Nyuzi alimwonya.

Lilitoka. Karani alilipeleka shuleni kumringishia rafiki yake. Aliporudi nyumbani aliliweka kando ya karai, akafua, na alipogutuka lilikuwa limelowa chapachapa. Ukurasa mmoja wino wote ulikuwa umegeuka doa la buluu. Mistari kumi na tisa. Bahati mbaya ukurasa huo aliuandika Radi, mpiga ngoma, wiki iliyotangulia, Karani alipolala na homa. Hakujua hata jina moja.

Angemuuliza Radi. Aliogopa. Badala yake akanakili majina yaliyosomeka kwenye daftari jingine, kisha akatunga watu kumi na tisa wasiokuwepo duniani, jina la mmoja akalitoa kwenye pakiti ya sabuni.

Miezi miwili ikapita, albamu ikakamilika. Nyuzi alimchukua hadi kiwandani kwa mchapaji. Mashine ilimeza karatasi na kutema makava, mbio mbio.

"Na mtu akitaka kubadilisha kitu?" Karani aliuliza.

"Angekuja jana," mchapaji akajibu bila kugeuka. "Kwani una nini?"

"Sina kitu." Alisimama akiyatazama makava yakirundikana, na hakujua aanzie wapi kusema.

Waliporudi na maboksi, fundi cherehani alijifuta mikono, akachukua kava, akashusha kidole kwenye majina kutoka juu hadi chini. Akarudia.

"Nilichanga kweli, au niliota?" alisema, akacheka kidogo. "Mwanangu, macho yangu yamechoka. Hebu nitafutie."

Kumbe naye alikuwemo. Karani alipokea kava akashusha kidole polepole, jina baada ya jina, akijua hataliona. Alipofika chini akaanza tena juu. Fundi alisubiri kwa uvumilivu, na uvumilivu huo ndio uliomshinda.

"Halipo, mama. Nililowesha daftari. Hawa kumi na tisa nimewatunga."

Nyuzi aliweka gitaa chini. "Wenyewe ni akina nani?"

"Sijui."

Radi alijishika kichwa. "Wee Karani! Ungeniuliza wiki ile ningekutajia wote kama naimba. Sasa hivi, mbali na mama hapa, namkumbuka jamaa mmoja tu, ana baiskeli nyekundu. Jina, hakuna."

Pesa ya kuchapa upya haikuwepo. Jumamosi mashabiki walikuja kwenye ukumbi wa shule kuchukua albamu zao, na Karani akakaa mezani na kalamu nyeusi. Hakukuwa na njia ya kuwajua isipokuwa kungoja waumie kwanza. Mtu akifungua kava, akitafuta, akitafuta, na tabasamu likamwisha, basi huyo ni mmoja wa wale kumi na tisa.

"Shikamoo. Kosa ni langu," alimwambia kila mmoja, akakata jina la uongo, akaandika la kweli pembeni.

"Na huyu aliyekalia kiti changu ni nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ni sabuni, babu."

Mzee alicheka. Wengine hawakucheka. Dada mmoja alirudisha kava mezani, akasema, "Nilidhani mnatukumbuka," akaondoka. Karani alimkimbilia hadi getini ndipo akakubali kuandikiwa. Na kwenye makava ya watu wengine wote, watu wa uongo walibaki palepale.

Kufikia jioni alikuwa ameandika majina kumi na manane, la fundi likiwemo. Ukumbi ulikuwa mtupu. Fundi cherehani akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mteja akiharibu kitambaa akaniletea siku hiyohiyo, naunga, mshono hauonekani," alisema. "Akikificha mpaka nguo imeshonwa na kuvaliwa, nitafanya nini mimi? Kumwaga maji kila mtu humwaga, mwanangu. Ila ulipodanganya ulituzuia kukusaidia wakati bado tunaweza. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Na huyu wa kumi na tisa, mama?"

"Utamngoja. Na akija utamwambia wewe mwenyewe, si kaka yako."

Karani alichukua kava moja lililobaki, akalikata jina la mwisho la uongo kwa mstari ulionyooka. Pembeni yake akaacha nafasi wazi.