Nukta Mbili kwenye Simu ya Sanae

Jioni ile nilikuwa naingiza biringanya jikoni, simu ikalia. Sanae, binti yangu wa Osaka.

"Mama, una mgeni?"

"Mgeni gani? Kijiji hiki tumebaki vikongwe na nguruwe pori."

"Naona nukta mbili. Wewe jikoni. Mwingine kakaa sebuleni."

Kidude chake kimegongomewa darini. Hakina jicho wala sikio. Kinahisi moshi na miili tu, na kila mwili humpelekea nukta simuni, ili asinione nikivua nguo. Siku tuliyowasha moto wa kuwakaribisha wafu wetu, moshi uliingia ndani, kidude kikapiga kelele, Sanae akalia kama nimekufa. Akaapa: kikionyesha jambo lingine la ajabu, nahamia nyumba ya wazee. Nilishwe uji na watu nisiowajua!

Basi moto wa kuwaaga, ule unaowarudisha wafu kwao, sikuuwasha. Nilisema marehemu mume wangu, Shigezo, njia anaijua.

"Mama?"

"Ni... jirani. Kaja kunywa chai."

"Afadhali! Kumbe una mtu wa kukuangalia. Ya kuhama tuyaache."

Nikaingia sebuleni. Tupu.

Mto wa kukalia umebonyea katikati... umelowa.

Shigezo alinuka tumbaku. Huyu alinuka matope ya kisimani.

"Wewe nani?" nikanong'ona.

Mkeka ukalia. Kriii... kriii... Ukaja mpaka miguuni pangu.

Ukanyamaza.

Ningeweza kuwasha moto wa kuwaaga palepale. Lakini kidude kingepiga kelele tena, na nyumba yangu nilikuwa nimeiokoa. Nikamimina chai vikombe viwili.

Tangu hapo Sanae akipiga, anacheka.

"Jirani haondoki siku hizi! Leo kakaa karibu nawe kweli. Umepata mchumba nini?"

"Huna adabu, we mtoto."

Leo kapiga jua likizama. Nilikuwa jikoni, naosha mchele.

"Jirani kaondoka? Naona nukta moja tu."

Nikashusha pumzi. "Kaondoka. Si unaniona hapa jikoni?"



"Usinitanie, Mama. Jikoni hakuna mtu. Umelala chumbani, kwenye godoro lako. Pumzika. Naona huna neno."

Akakata.

Chumbani, mkeka ukalia. Kriii...

Nikatoa mikono kwenye maji ya mchele. Maji ya mlimani yale, huuma kama barafu. Sikuhisi kitu. Nikaileta mikono puani.

Matope ya kisimani.