Cherehani ya Cucu Ngendo

Kila jioni, akishatoka shuleni na kuwapa mbuzi majani, Gathoni huketi karibu na nyanya yake, Cucu Ngendo, akimkatia nyuzi. Lakini Alhamisi hiyo hakukuwa na uzi wa kukata. Cherehani ilikuwa imegoma, na gauni la harusi la shangazi Watiri lilikuwa na mkono mmoja tu. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi!

"Kimbia sokoni Chaka kwa Fundi Wandera wa cherehani," Cucu akasema. "Mwambie shida yetu."

Gathoni alifika akihema. "Fundi, cherehani yetu imeharibika!"

"Imeharibikaje, binti yangu?"

"Haishoni."

Wandera akacheka. "Ala! Kumbe unanitegea kitendawili? Basi nimeshindwa, nakupa mji. Chukua Kerugoya yote, na soko lake!" Alikuna kichwa, akakisia, akampa mkanda mpya wa gurudumu.

Nyumbani walikuta mkanda wa zamani u mzima kabisa. Watiri akajishika kiuno. "Ati niingie kanisani na mkono mmoja kama birika? Wakwe watasema nini?"

Machozi yalimlengalenga Gathoni. Cucu akamvuta karibu. "Kaa hapa, mama. Zungusha gurudumu, uniambie unachoona."

Gurudumu lilizunguka vizuri. Sindano ilishuka, ikapanda, lakini haikuvuta uzi wa chini. Na pale chini, inapokaa bobini, kile kigurudumu cha uzi huo, paligonga ka! ka!

"Ilianza lini, Cucu?"

"Leo asubuhi, nilipotia kiraka gunia la pareto." Cucu akaguna. "Nilijua gunia si kitambaa, lakini nikajipa moyo."

Ijumaa, masomo yalipokwisha, Gathoni alirudi Chaka na ule mkanda mpya. Akaeleza yote, hata la gunia.

"Hapo sasa umesema!" Wandera akafurahi. "Ni nyuzi za katani zimekwama. Toeni bobini, mzivute kwa kibanio hiki changu, kisha mtie tone la mafuta."

Walizitoa nyuzi zote, cherehani ikashona tena, na kabla ya giza mkono wa pili ulikuwa mahali pake. Watiri alilivaa gauni, akazunguka nalo mpaka kuku wakakimbilia nje.

Cucu akamkumbatia mjukuu wake. "Fundi ana ujuzi, mama, lakini macho yake yako Chaka. Macho ya hapa nyumbani ni wewe. Ukienda kuomba msaada, sema ulichoona, kilianza lini, na tulikuwa tumefanya nini kabla yake. Hata kama ni upuuzi wa Cucu, usiufiche."