Nafasi ya Yovana kwenye Kitambaa

Jioni ile ukungu wa Lima ulikuwa umeshuka mpaka milangoni. Nilikwenda ukumbi wa mtaa kuchukua mkasi wangu tu. Humo sisi wanawake wa kilimani tulikuwa tukishona kitambaa kikubwa cha marehemu wetu wa korona: kila aliyekufa, mwanasesere mdogo aliyekatwa kwenye nguo yake. Mume wangu Fortunato yumo. Alikufa kwa kukosa oksijeni, hospitali wakaichoma maiti yake, sikumwona.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha binti yetu Yovana, siku ya nne anakohoa. Mtungi wa oksijeni hatukupata.

Nikasukuma mlango. Harufu ya kafuri ikanipiga puani.

Mwanamke nisiyemjua alikuwa ameinamia kitambaa, barakoa usoni, anashona. Fyu... fyu... uzi ukipita.

Nikamsalimu. Akaendelea kushona. Nikasogea nione anamshona nani.

Sweta ya njano. Kifungo kimoja cha kijani, nilichokitia mwenyewe.

“Huyo ni mwanangu,” nikanong'ona. “Yuko hai.”

“Najua, mama. Bado mkono mmoja.”

Nikapiga magoti. Nikamsihi anishone mimi badala yake. Akatikisa kichwa, akasema mimi bado nahitajika kwenye kushona.

“Nafasi imeshakatwa,” akasema. “Haiwezi kubaki tupu.”

Kwenye kiti palikuwa na shali ya Bi Saturnina, mama wa ubatizo wa Yovana, aliyetupikia mtaa mzima kwenye sufuria moja tangu tufungiwe ndani. Nilijua ni yake. Mungu ananiona, nilijua.

Nikaichukua, nikampa yule mwanamke.

Nilipofika nyumbani Yovana alikuwa ameketi, anaomba supu.

Bi Saturnina alianza kukohoa Alhamisi. Jumatano iliyofuata tukamzika.

Baada ya mazishi tulikunjua kitambaa ili tumtafutie mahali. Alikuwamo tayari, ameshonwa kwa shali yake. Wenzangu wakanigeukia, wakanishukuru kwa kuwahi.

“Sikumshona mimi,” nikasema.

Jirani yangu Rufina akapitisha kidole juu ya uzi, taratibu.

“Dada, mishono yako tunaijua.”

Nikatazama. Ilikuwa yangu, mmoja mmoja.

Yovana alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Mpaka leo hajaniuliza kitu. Ila nikishika sindano... anainuka, anatoka nje.