Mkono wa Mwalimu Raimundi

Kila asubuhi Mwalimu Raimundi alifagia uwanja wake pale Lumemo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tangu kiharusi kilipomwangusha shambani wakati wa mavuno. Akimaliza kufagia, alikaa kwenye kigoda akaimba nyimbo za kanisani, ubeti kwa ubeti, bila kukosea neno. Lakini ukimwuliza anataka uji au chai, alihangaika mpaka jasho likamtoka, kisha akasema, "Ndiyo."

Binti yake Levina hakupata taabu. Alikulia katika kwaya ya baba yake, na mkono ule wa kushoto aliujua. Mwalimu akifungua kiganja, kwaya inaimba. Akikunja ngumi, kwaya inanyamaza. Nyumbani ilikuwa vilevile. Levina akimwuliza kama anataka uji, mdomo unasema ndiyo, mkono unakunja ngumi. Basi Levina analeta chai.

Siku moja ng'ombe mwekundu wa jirani yao Masanja alikutwa kando ya majaruba ya mpunga, paja limechanika. Karibu yake alisimama Mwalimu Raimundi, panga mkononi. Kituoni askari alimwuliza kama ndiye aliyemkata ng'ombe yule.

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Ikaandikwa kwamba amekiri.

Levina alimdhamini baba yake, wakarudi nyumbani. Aliambiwa kwamba shitaka ni kujeruhi mnyama, na mzee akitiwa hatiani anaweza kufungwa. Levina aliutazama ule mkono wa kushoto. Huko gerezani nani angeuelewa?

Alikwenda kwa Masanja kumweleza kwamba baba yake hawezi kusema. Masanja akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na uchungu.

"Jumapili nikipita na ng'ombe wangu namsikia anaimba mpaka mabati ya kanisa yanatetemeka," alisema. "Jumatatu mdomo unakuwa mzito? Dada, mimi nachunga ng'ombe, sichungi ujinga."

Maneno hayo yalienea mpaka kisimani. Shangazi Theodosia akashauri Mwalimu asionekane kanisani, wala asiimbe hata uani, mpaka kesi iishe. Levina akakubali. Tena akaamua kwamba mahakamani atasimama yeye na kujibu kila swali badala ya baba yake.

Ndipo alipoelekezwa kwa Wakili Kandida, anayetoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo. Wakili alikuja mwenyewe Lumemo. Alivuta kiti karibu na mzee, akamwamkia, akanyamaza akisubiri. Levina akadakia kujibu.

"Subiri kidogo, mdogo wangu," alisema Kandida. "Mteja wangu ni yeye."

"Lakini hawezi kusema. Mimi ndiye mdomo wake."

"Ukimjibia, mahakama itakuwa imekusikia wewe. Yeye bado hajasikika. Unachoweza ni kuieleza mahakama jinsi anavyojibu. Majibu yawe yake."

Levina akamweleza habari za ule mkono. Alipofika kwenye ushauri wa shangazi, aliinamisha macho. Kandida akatikisa kichwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwache aimbe. Wewe ni mkulima, unajua mifereji. Mfereji mmoja ukibomoka, mwingine si unaendelea kupeleka maji? Kiharusi kimebomoa mfereji wa mazungumzo. Nyimbo zinapita kwingine. Na akili yake ipo palepale. Haya tutayasema sisi wenyewe, kwa kichwa kilichoinuka, na mtaalamu wa hospitali atayaeleza mbele ya hakimu."

Akaongeza kwamba hata kituoni walikuwa na haki ya kusema mapema kuwa mzee ana shida ya lugha, ili aulizwe kwa njia anayoiweza.

Kisha akamgeukia Mwalimu. Aliuliza maswali mafupi, moja moja, bila haraka. Je, alimkata ng'ombe? Ngumi. Alimkuta ameshaumia? Kiganja kikafunguka. Alikata kitu kingine kwa lile panga? Kiganja tena, na safari hii Mwalimu akainuka, akatangulia njia.

Aliwafikisha kwenye matete karibu na jaruba. Ndani yake ulipita uzio wa zamani wa seng'enge. Nguzo moja ilikuwa imekatwa kwa panga. Kwenye miiba ya waya kilining'inia kipande cha ngozi chenye manyoya mekundu. Ng'ombe alikuwa amenasa. Mwalimu, kwa mkono mmoja, alimkatia nguzo akamwokoa.

Levina aliigusa ile nguzo iliyokatwa. Baba yake alikuwa ameyajua yote tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekuwa amemwuliza sawasawa.

Siku ya kesi Mwalimu alivaa shati lake la kwaya. Kandida aliomba maswali yawe mafupi, mzee apewe muda, na mkono wake utazamwe. Mtaalamu wa hospitali akaeleza kwa nini mtu anaweza kuimba na bado asiweze kuzungumza. Hakimu akataka kuhakikisha.

"Wewe ni Masanja?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu, na mkono ukakunja ngumi. Watu wakacheka, Masanja naye akacheka. Hakimu hakucheka.

"Wewe ni Raimundi?"

"Ndiyo." Kiganja kikafunguka.

"Ulimkata ng'ombe wa Masanja?"

"Ndiyo."

Ngumi ilikaa juu, imara kama nguzo. Hakimu akaitazama, kisha akaandika kwamba mshitakiwa amekana shitaka. Baadaye mahakama ilikwenda kuuona uzio, na daktari wa mifugo akathibitisha kwamba jeraha lilitokana na miiba ya waya. Mwalimu Raimundi akaachiwa huru.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa imeshajipanga, Mwalimu mbele, ngumi juu, kila mtu kimya. Masanja akaingia, kofia mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka mbele.

"Mwalimu, ulimwokoa ng'ombe wangu, nami nikakuita mwongo. Umenisamehe?"

"Ndiyo."

"Hilo la mdomo nimelisikia," alisema Masanja. "Mimi nangojea mkono."

Mwalimu alimtazama. Levina, katikati ya safu ya wanawake, alivuta pumzi. Polepole vidole vikakunjuka, kiganja kikafunguka chote, na kwaya nzima ikapaza sauti.